Kiraka na Mtunzaji: Historia ya Masharti ya Uchangiaji katika Programu Huria Ikilinganishwa na Utunzaji wa Ndiva za Upare

1.0 Utangulizi

Kila kazi ya pamoja hukabiliwa na swali ambalo hujitokeza baada ya shangwe ya ujenzi kwisha: ni nani atakayeitunza? Katika milima ya Upare, wilayani Same na Mwanga, swali hili limejibiwa kwa vizazi vingi kupitia ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yatoshe kumwagilia mashamba mchana. Waandishi wa programu huria za kompyuta wamelijibu kwa miongo michache tu, kupitia masharti ya kuwasilisha viraka. Kiraka ni badiliko la msimbo ambalo mchangiaji hulipeleka kwa mtunzaji wa programu ili likaguliwe, na likikubaliwa liunganishwe na kazi ya wote.

Makala haya yanafuatilia namna masharti hayo yalivyozuka na yanavyowahusu watumiaji wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba masharti hayakuzaliwa na nia ya kuwazuia watu wasichangie. Yalizaliwa na ukweli kwamba mchangiaji huondoka ilhali kiraka chake hubaki, na gharama ya kiraka kibovu humwangukia mtunzaji pamoja na wale walio mkondo wa chini.

2.0 Ndiva kama Taasisi ya Utunzaji

Mifereji mingi ya Upare ilianzishwa na koo, na ukoo mwanzilishi ulikuwa na kauli katika kugawa zamu za maji na kusimamia usafishaji. Haki ya kupata zamu ilifungamana na wajibu wa kufanya kazi. Mtumiaji alitakiwa kushiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa tope, kuziba nyufa za kingo na kusafisha mfereji. Aliyekwepa alitozwa faini au alinyimwa zamu. Baadaye, hasa baada ya uhuru, kamati za maji na serikali za vijiji zilichukua sehemu ya mamlaka hayo, lakini kanuni ya msingi haikubadilika: anayetumia ndiva hutunza ndiva.

Ulinganisho na programu una mpaka wake. Maji yakinyweshwa shamba moja hayawezi kunywesha jingine, ilhali msimbo haupungui kwa kunakiliwa. Hata hivyo, katika programu huria kipo kitu kinachopungua kama maji, nacho ni muda wa mtunzaji. Kila kiraka kinachosomwa hula saa ambazo kingine kingezipata. Kwa hiyo, masharti ya viraka yanaeleweka vyema zaidi yakitazamwa kama mgawanyo wa zamu za uangalizi, wala si kama ulinzi wa mali.

3.0 Kuzuka kwa Masharti ya Viraka

Chombo cha kwanza cha utamaduni huu kilikuwa programu ya diff, iliyoonyesha tofauti kati ya mafaili mawili. Ilisambazwa pamoja na toleo la tano la Unix mwaka 1974. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, ambayo iliweza kuchukua orodha ya tofauti hizo na kuzitekeleza katika nakala ya mtu mwingine. Tangu hapo mtu hakulazimika kutuma kazi nzima. Alituma badiliko peke yake. Urahisi huo ulizaa wingi wa viraka, na wingi ukazaa tatizo la ukaguzi.

Tatizo hili linaonekana wazi katika historia ya Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa miaka kadhaa viraka vyote vilipita mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1998, na tena mwaka 2002, wachangiaji walilalamika kwamba viraka vyao vilipotea bila kujibiwa. Suluhisho lilikuwa kuimarisha ngazi za uangalizi. Kila sehemu ya programu iliwekewa mtunzaji wake, naye hupokea viraka vya sehemu hiyo, huvikagua, kisha huvipeleka juu. Majina ya watunzaji yameorodheshwa katika faili moja lililo wazi kwa wote, na hali ya kila sehemu hutajwa bila kificho. Sehemu isiyo na mtunzaji huandikwa kuwa ni yatima. Mtumiaji anayeitegemea hujulishwa mapema kwamba hakuna anayewajibika kwayo.

Masharti mengine yaliongezwa kila mara baada ya jeraha. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM kwa madai kuhusu asili ya sehemu za msimbo wa Linux. Mwaka uliofuata mradi huo ulianza kudai kwamba kila mchangiaji atie sahihi kuthibitisha kuwa ana haki ya kutoa anachokitoa, na kila mtunzaji anayekipitisha kiraka aongeze sahihi yake. Kwa hiyo kiraka husafiri pamoja na nasaba yake. Mwaka 2005 Torvalds aliandika Git, chombo kinachohifadhi historia ya kila badiliko, na baada ya miezi michache alimkabidhi Junio Hamano utunzaji wake. Kukabidhi huko ni sehemu ya wajibu wa mtunzaji, japo ndiyo inayosahaulika zaidi.

Masharti yenyewe si magumu kuyaeleza. Kiraka kimoja kibebe badiliko moja. Maelezo yake yaseme kwa nini badiliko linahitajika, kwa kuwa msimbo wenyewe huonyesha kilichofanyika lakini haudokezi sababu. Kisivunje kilichokuwa kikifanya kazi. Aidha, mabadiliko makubwa ya Linux hupokelewa katika dirisha la takribani wiki mbili baada ya kila toleo. Dirisha likifungwa, hupokelewa marekebisho ya kasoro tu. Mkulima wa Bangalala au Makanya hangehitaji kufafanuliwa kanuni hii: ni zamu, na zamu ikipita husubiriwa nyingine.

4.0 Afrika Mashariki katika Mkondo

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, waliufikia mpango wa AMPATH huko Eldoret, Kenya, ambako wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakiongezeka kuliko uwezo wa mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo. Kutokana na haja hiyo ilizaliwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na kufika Rwanda mwaka huohuo. Hapa masharti ya viraka hayakuwa suala la unadhifu. Kiraka kinachoharibu rekodi ya dawa humgusa mgonjwa ambaye hajui kwamba kuna kitu kiitwacho msimbo.

Mfano wa pili ni wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowahusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisini za OpenOffice.org. Tafsiri nayo ni kiraka. Hukaa juu ya toleo fulani, na toleo hilo likibadilika maneno mapya hubaki katika Kiingereza hadi mtu ayatafsiri. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya wachangiaji wa OpenOffice.org ilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mkondo wa juu ukagawanyika. Tafsiri ya aina hii huhitaji mtunzaji wa kudumu, lakini fedha za mradi huwa na tarehe ya mwisho. Wafadhili hulipia uchimbaji wa mfereji, na ni nadra kulipia uzoaji wa tope.

Mifano hii miwili inaonyesha uamuzi unaoikabili kila taasisi ya eneo hili. Ikirekebisha nakala yake pekee, hupata inachotaka leo, lakini hubeba mzigo wa kulirudia rekebisho hilo kila toleo jipya litokapo. Ikiliwasilisha rekebisho mkondo wa juu, hutii masharti na kusubiri, ila mzigo hugawanywa na wote.

5.0 Mipaka ya Masharti

Masharti hayatoshi pasipo watu wa kuyatekeleza. Kasoro ya Heartbleed iliingia katika OpenSSL kupitia kiraka kilichokaguliwa na kukubaliwa mwishoni mwa mwaka 2011. Iligunduliwa mwaka 2014, ilhali sehemu kubwa ya intaneti ilitegemea kazi ya watunzaji wachache mno. Machi 2024 ilibainika kwamba matoleo mawili ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka hakuvunja masharti ya kuwasilisha viraka. Aliyatii kwa muda mrefu, akajipatia imani ya mtunzaji aliyekuwa peke yake na aliyechoka, hadi naye akapewa mamlaka ya utunzaji. Kisa hiki kinaonyesha kwamba uchovu wa mtunzaji ni ufa katika ukingo, na jamii inayomtegemea mtu mmoja bila kumsaidia imeuacha ufa huo wazi.

6.0 Ridhaa ya Wanaotawaliwa na Masharti

Historia ya Same ina funzo jingine. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Manung'uniko yao hayakuwa dhidi ya kulipa kodi. Yalielekezwa kwa namna ya kukadiria, ambayo mlipaji hakuweza kuitabiri wala kuihoji. Hatimaye mbiru ilifutwa. Mtunzaji wa programu anayekataa viraka bila kutoa sababu huwatendea wachangiaji vivyo hivyo. Watu huvumilia sharti gumu lililo wazi kuliko sharti jepesi lililofichwa kichwani mwa anayelisimamia. Kwa hiyo kuandika masharti, kuyatangaza na kueleza sababu ya kila kukataa ni sehemu ya wajibu wa mtunzaji.

7.0 Hitimisho

Ziwa Jipe liko chini ya Upare wa Kaskazini, katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Hupokea maji ya mto Lumi kutoka Kilimanjaro na kuyatoa kupitia mto Ruvu kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Tope na matete vimelipunguzia ziwa hilo eneo la maji ya wazi. Halikujazwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Kila mteremko ulichangia kidogo, na hapakuwa na mtunzaji mmoja mwenye mamlaka juu ya yote. Programu inayopokea kila kiraka bila ukaguzi huelekea hatima kama hiyo.

Makala haya yamebainisha kwamba masharti ya viraka ni kumbukumbu ya majeraha yaliyokwisha kutokea, na kwamba kinachogawanywa katika programu huria ni muda wa watunzaji. Kwa vyuo, hospitali na wizara za Afrika Mashariki, inafuata kwamba bajeti ya mfumo huria isiyotenga fungu la mtunzaji haijakamilika, na kwamba kuwa na mtu wa kwetu katika orodha ya watunzaji kuna thamani zaidi kuliko kuwa na nakala yetu wenyewe. Anayeshiriki msaragambo ndiye mwenye kauli kuhusu zamu.