Lengo Lisilo na Tatizo: Juu ya Swali katika Utafiti wa Kiswahili

Msahihishaji wa tasnifu za wanachuo hukutana mara kwa mara na sentensi isemayo kwamba madhumuni ya utafiti ni kuchunguza jambo fulani kwa kina. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Walakini haisemi ni nini hakijulikani, wala kwa nini kutojulikana kwake kutushughulishe. Wenzangu wengi huulaumu uvivu wa wanachuo. Mimi naona kwamba mtindo huo una historia yake, na sisi walimu tu miongoni mwa warithi.

Kazi za mwanzo za kitaalamu juu ya Kiswahili ziliandikwa kwa haja ya matumizi. Sarufi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1850 na kitabu cha Edward Steere cha 1870 vilikusudiwa kuwafaa wamisionari. Lengo lilikuwa wazi, na tatizo halikuhitaji kutajwa kwa kuwa kila msomaji alikuwa nalo mdomoni mwake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930, ikapewa malengo yanayopimika: tahajia moja, sarufi moja, msamiati ulio sawa, vitabu vya shule. Mtoto wa Mombasa, anayesema Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, angeandikaje darasani? Swali hilo halikuwa miongoni mwa malengo.

Mjadala wa asili ya Kiswahili watuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Kwa miaka mingi watu walibishana kama Kiswahili ni Kiarabu, ni Kibantu au ni mchanganyiko, na kila upande ukahesabu maneno. Mwenye sita, saba na tisa aliona Kiarabu. Mwenye moja, mbili na tatu aliona Kibantu. Hesabu hizo hazikuweza kuukata ubishi, maana swali lenyewe halikusema ni ushahidi gani ungelijibu. Derek Nurse na Thomas Spear (1985), kisha Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), waliuliza jambo jembamba zaidi: Kiswahili kinashiriki mabadiliko gani ya sauti na ya maumbo pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kikomoro na Kiilwana? Hapo kundi la Sabaki likapata mipaka, na maneno ya Kiarabu yakarudi mahali pake, yaani katika historia ya ukopaji. Hata hivyo bado napokea tasnifu zinazoufufua ubishi ule wa kale kana kwamba jana haikupita.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na makosa ya wanafunzi yakawa mada ya kupendwa. Tasnifu moja ya namna hiyo niliisahihisha muda si mrefu baada ya kurejea kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamili. Mwandishi alikusanya insha za shule moja ya Mombasa, na tatizo akalieleza hivi: wanafunzi hawajui tahajia. Nikaandika pambizoni kwamba hilo ni lalamiko, si tatizo la utafiti, nikampa alama hafifu.

Hukumu ile ilikuwa sahihi, lakini nusu. Katika kiambatisho mlikuwa na mtele kwa mchele, mato kwa macho, kuteka kwa kucheka, ndia kwa njia, ndaa kwa njaa. Hicho ni Kimvita, nacho kinafuata kanuni za sauti zinazojulikana. Tatizo lililoachwa 1928 lilikuwa limelala katika kurasa zake za mwisho. Yeye hakuliona, nami, niliyekuwa na fomu yenye kisanduku cha tatizo na kingine cha malengo, nilivijaza vyote viwili kabla ya kuyasoma majedwali.

Siku hizi huanza na kiambatisho. Humwuliza mwanachuo ni neno gani katika data yake lililomshangaza, na kama hana, humrudisha uwandani kabla hajaandika sentensi ya madhumuni. Wapo wenzangu wasemao kwamba huko ni kuvunja utaratibu, kwa kuwa tatizo sharti litangulie data. Nakubali kwamba ndivyo sura zinavyopangwa. Ila mwandishi yule wa insha za Mombasa angekuwa na sura ya kwanza nyingine kabisa, lau mtu angemwuliza mapema habari za mtele.