Kusaka visanduku vya barua

Kusaka visanduku vya barua ni mchezo wa matembezi ya milimani na nyikani ambamo mtembeaji hufuata maelekezo ya maandishi hadi kilipofichwa kisanduku chenye daftari na muhuri wa mpira. Ulianzia Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1854, pale James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, alipoacha chupa Cranmere Pool ili wanaofika waweke kadi zao. Anayekipata kisanduku hugonga muhuri wake katika daftari lililomo, hugonga wa kisanduku katika daftari lake mwenyewe, kisha hukirudisha palepale, mara nyingi chini ya jiwe. Daftari la kileleni, linalotunzwa ndani ya kasha la chuma kwenye vilele vingi vya Alpi, linafanana nacho, ila lenyewe halifichwi. Mchezo ulivuma Marekani baada ya makala ya jarida la Smithsonian ya mwaka 1998.