Afya ya kujitathmini kwa wazee wa Rubavu

Afya ya kujitathmini ni hali ya afya kama mtu anavyoieleza mwenyewe anapoulizwa: nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya. Kwa wazee jibu hilo hubeba mengi kuliko maradhi, maana ndani yake mna tabia ya mtu, watu anaoishi nao, kipato chake na misiba iliyompata. Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, inalionyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee. Makao yake makuu ni Gisenyi, mji wa ufukwe wa Ziwa Kivu unaopakana na Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo. Sensa ya 2022 ilihesabu wilayani wakazi zaidi ya 500,000.

Uzito wa jibu

Mwaka 1982 Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha utafiti kuhusu wazee wa Manitoba, Kanada. Waliosema afya yao ni mbaya walikuwa na hatari ya kufa karibu mara tatu ya waliosema ni nzuri sana, hata baada ya kuzingatia hali yao ya kitabibu. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27 na kukuta matokeo ya namna hiyo karibu kote. Katika Afrika Mashariki, utafiti wa Shirika la Afya Duniani na mtandao wa vituo vya utafiti wa INDEPTH uliwahoji watu wa miaka 50 na zaidi, Nairobi na Ifakara zikiwemo. Wanawake walijieleza kuwa na afya duni kuliko wanaume.

Tabia

Mtu mwepesi wa wasiwasi huyahisi maumivu kwa ukali zaidi na hujiona mgonjwa mapema. Mwenye utaratibu humeza dawa zake kwa wakati, na mchangamfu hapungukiwi na wa kumjulia hali.

Mazingira ya kijamii

Misiba ya vita. Mzee wa Rubavu mwenye miaka 70 leo alikuwa mtu mzima mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Eneo la makaburi la Commune Rouge mjini Gisenyi, walikouawa watu wengi, sasa ni mahali pa kumbukumbu. Kisha yakaja mashambulizi ya abacengezi, yaani waasi waliojipenyeza nchini, ya 1997 na 1998, yaliyoitikisa kaskazini-magharibi yote. Wapo wazazi walionusurika mauaji ya kimbari wakabaki bila mtoto hata mmoja. Rwanda huwaita Intwaza, na baadhi yao hutunzwa katika nyumba za Impinganzima, zikiwemo za Huye, Bugesera na Rusizi. Wajane wa mauaji hayo walianzisha chama cha AVEGA Agahozo mwaka 1995. Ihahamuka, yaani kiwewe kinachorudi hasa katika majuma ya kumbukumbu ya Aprili, huja na mapigo ya moyo, pumzi kukatika na kukosa usingizi. Mwili unauma kweli, ingawa kipimo cha damu hakionyeshi kitu.

Mpaka. Familia nyingi zina ndugu Goma, na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière ni njia ya wachuuzi wadogo, wengi wao wanawake. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nyumba zilizotegemea biashara hiyo zilikosa fedha, na wazee walitenganishwa na jamaa zao.

Volkano na mafuriko. Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Goma, ililipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mitetemeko ya 2021 ilipasua nyumba za Gisenyi, na watu wakalala nje. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa makazi. Mzee aliyehamishwa hupoteza pia majirani waliokuwa wakimbishia hodi.

Bima na misaada. Mutuelle de santé, bima ya afya ya jamii inayosimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda, tangu 2015, imewasogeza wazee karibu na zahanati. Mpango wa serikali wa kupunguza umaskini, VUP, ulioanza 2008, hutoa ruzuku kwa wazee maskini wasioweza kufanya kazi.

Hali ya sasa

Rwanda ilipata sera ya taifa ya wazee mwaka 2021. Vijijini wapo wahudumu wa afya ya jamii, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kumuuliza mzee anajionaje hakuhitaji maabara wala umeme. Anayejibu kwamba hali ni mbaya anastahili kuulizwa pia anaishi na nani, amekula nini na nani alimtembelea mara ya mwisho, kabla ya kuandikiwa dawa ya maumivu.