Shamba la Shule na Sauti ya Mtoto

Tarehe 22 Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu, baadhi yao wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma. Walikuwa wanapinga sheria mpya iliyowataka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi zao. Kulikuwa na mabango yaliyodai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Rais, Mwalimu Julius Nyerere, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa hasira ambayo waliomjua hawakuizoea. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa chuo wakarudishwa makwao, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya siasa za chuo kikuu. Lakini kina sehemu ya pili, inayowahusu watoto wa shule ya msingi, na sehemu hiyo ndiyo ndefu zaidi. Wale vijana walikuwa wachache mno katika nchi ambayo nusu ya watoto hawakuwa na nafasi hata ya darasa la kwanza. Walisomeshwa kwa jasho la wakulima, na sasa waliona kuwatumikia wakulima hao ni kuonewa. Nyerere alikuwa mwalimu wa Tabora na Pugu kabla hajawa mwanasiasa, kwa hiyo hakuishia kutafuta nani aliyewachochea. Alitaka kujua shule zilikuwa zimewalea vipi tangu walipokuwa wadogo.

Malezi yalikuwapo kabla ya shule za serikali. Jando na unyago vilimfundisha kijana wajibu wake kwa ndoa, wazee na majirani. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto alijifunza adabu pamoja na herufi, na kazi ndogondogo za nyumbani kwa mwalimu zilikuwa sehemu ya masomo. Shule iliyoletwa na Wajerumani, kuanzia ile ya Tanga katika miaka ya 1890, ilikuja na shabaha nyingine: ilihitaji makarani, wakalimani na maakida. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na njia hiyo kwa sura tofauti. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, iliwafunza viongozi wa kesho chini ya viranja, mabweni na nidhamu iliyoigwa kutoka Uingereza.

Si kwamba wakoloni hawakulitazama suala la tabia. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji: kilimo, afya, ufundi na malezi ya tabia. Nchini Tanganyika, afisa elimu W. B. Mumford alijaribu jambo la ujasiri huko Malangali, Iringa. Alitaka shule ijengwe juu ya mila za wenyeji, kwa mavazi yao, ngoma zao na mafundisho ya wazee wao. Mumford alikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba uamuzi wa mila zipi zifundishwe na zipi ziachwe ulikuwa wa Mzungu mmoja, wakati wazazi wengi waliwapeleka watoto shuleni ili wapate ile elimu iliyompa Mzungu nguvu. Jaribio lile halikudumu baada ya yeye kuondoka.

Kwa hiyo ilipopata uhuru mwaka 1961, nchi ilirithi shule zilizogawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi likiwa na madarasa yake na bajeti yake. Ubaguzi huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Kuta zilivunjwa, lakini ndani ya madarasa mambo yalibaki yaleyale: mtoto anakariri, anafanya mtihani, na akishinda anaondoka kijijini kwao.

Mahali pamoja palikuwa tofauti, napo ni Litowa, katika wilaya ya Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa chama cha TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha kulima na kuishi kwa pamoja. Vijiji vingine vikafuata, kama Liweta na Matetereka, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanakijiji walipoona watoto wao wanasoma katika shule zilizowafundisha kukikimbia kijiji, waliamua kuwa na shule yao hapo Litowa, ya bweni, kwa ajili ya watoto wa vijiji vyote vya umoja huo. Mkuu wake alikuwa Suleman Toroka.

Inafaa tukae kidogo hapo Litowa. Watoto walilima shamba lao na kula walichovuna. Walikuwa na baraza lao na kamati zao, ambako mambo ya shule yalijadiliwa na kuamuliwa. Walimu walishika majembe pamoja nao na kuishi kama wanakijiji wengine. Hesabu ilikuwa na kazi, kwa sababu mavuno yalipaswa kupimwa na kugawanywa. Hapakuwa na kipindi maalumu cha uraia. Mtoto aliyesimama barazani kueleza kwa nini zamu ya kuteka maji ipangwe upya alikuwa anajifunza kusema mbele za watu, kusikiliza anayempinga, kukubali kushindwa kwa hoja, na kesho yake kuamka kutimiza alichokubali. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kuandikwa nchini kinachofikia hapo.

Nyerere aliijua kazi ya Litowa na aliipenda. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, na atakayekisoma huku akiikumbuka Litowa ataona udugu wao. Alieleza kwamba elimu ya kikoloni ilikuza ubinafsi, iliwatenga wasomi na jamii yao, na ilimfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni na kwa waliosoma. Alikumbusha kwamba ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ndio wangepata nafasi sekondari, na bado shule nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa ajili ya hao wachache. Akataka elimu ya msingi ijitosheleze, mitihani ipunguzwe uzito, na kila shule iwe pia shamba.

Wengi walilishika neno shamba. Wachache walishika maneno yaliyolifuata. Nyerere alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe na mapato yatumike vipi, wayaone wenyewe matokeo ya uamuzi wao, yawe mazuri au mabaya. Hakutaka wawe watu wa kupokea amri tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya uraia ndani ya kijitabu kile, na jembe lilikuwa njia ya kuifikia.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1969 serikali ilichukua shule za mashirika ya dini. Somo la Siasa likaingia katika ratiba, na watoto wakajifunza muundo wa TANU, Azimio la Arusha, ukombozi wa Afrika. Paredi ya asubuhi, mchakamchaka, halaiki na nyimbo za taifa vikawa sehemu ya siku ya shule. Tusivibeze. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lindi waliimba nyimbo zilezile kwa lugha ileile, na wakakua wakijiona wa nchi moja. Nchi nyingi zilizopata uhuru wakati uleule zingetamani kuwa na hazina hiyo.

Lakini Septemba mwaka huohuo wa 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Viongozi wa mkoa walikuwa hawapendezwi na wanakijiji waliozoea kujiamulia, na TANU ilitaka vijiji vya ujamaa viwe chini yake moja kwa moja. Mali za umoja zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishwa. Shule iliyoonyesha njia ikafungiwa njia. Nasema wazi kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko zote katika historia hii, kwa sababu kuanzia hapo nchi ilibaki na kijitabu bila shule hai ya kukitolea mfano. Jaribio la Kwamsisi, Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lililoshirikisha chuo cha ualimu cha Korogwe, lilijaribu tena kuunganisha shule na kijiji, lakini lilikuwa jaribio la wataalamu, halikuzaliwa na wanakijiji wenyewe.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililoagiza watoto wote wa rika la shule wawe madarasani ifikapo 1977. Kampeni hiyo ya elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kama UPE, ilikuwa ya kishujaa. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka zaidi kidogo ya milioni 1 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ili wapatikane walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kwa muda mfupi na kupelekwa kufundisha. Ni kwa kazi yao kwamba mamilioni walijua kusoma. Ila kijana wa namna hiyo, mbele ya darasa lililofurika na bila vitabu, angeongozaje mjadala wa watoto juu ya mapato ya shamba? Alifanya alichofanyiwa yeye. Alitoa amri.

Ndivyo Elimu ya Kujitegemea ilivyogeuka kuwa kipindi cha EK kwenye ratiba, na EK ikawa kufyeka majani, kubeba maji na kupalilia. Mara nyingi ikawa adhabu: aliyechelewa alipewa eneo la kulima. Mavuno yaliuzwa na watoto hawakuambiwa fedha zilikwenda wapi. Fundisho walilopata lilikuwa kinyume cha lile lililokusudiwa, kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji na hesabu za mali ya umma si za kuulizwa na mdogo.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, Siasa haikuweza kuendelea kuwa somo la chama kimoja. Mahali pake pakachukuliwa na Uraia, somo la katiba, haki za binadamu, demokrasia na ngazi za serikali. Katika mtaala wa miaka ya 2000 likaongezwa Haiba na Michezo, lililogusa makuzi ya mtoto mwenyewe: kujitambua, kuhusiana na wenzake, kutunza mwili. Mtaala wa miaka ya 2010 ulileta Uraia na Maadili, somo lililojengwa juu ya nguzo sita: kuheshimu jamii, kuithamini, kuwajibika, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Ukiyasoma maandishi ya mitaala hii mmoja baada ya mwingine, utaona kila mmoja umepiga hatua. Yanazungumza kuhusu kutenda badala ya kukariri, na kuhusu mtoto kama mtu mwenye mawazo. Kikwazo kimebaki kilekile alichokitaja Nyerere mwaka 1967, yaani mtihani. Uraia na Maadili limekuwa na karatasi yake katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, ambamo mtoto huchagua jibu sahihi kuhusu uadilifu kwa kutia alama kwenye herufi. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja, anayejua kwamba shule yake itapimwa kwa alama hizo, atafundisha herufi. Simlaumu.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hayahitaji mtaala mpya wala fedha. Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, na ndani yake wamo wazazi. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua aliye mmoja wao, katika kikao kijacho uliza maswali matatu. Viranja wanachaguliwa na wanafunzi au wanateuliwa na walimu? Baraza la wanafunzi lilikutana lini mara ya mwisho, na pendekezo lake lipi lilitekelezwa? Mavuno ya bustani ya shule yamekwenda wapi, na watoto wameambiwa? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na wanafunzi wasomewe kwenye paredi.