Damu, Ini na Kinga: Historia ya Utafiti wa Malaria Nile Magharibi

Koboko si ajabu kuona watoto wawili wa nyumba moja, chandarua kimoja, mmoja akiugua malaria kila mvua zinapoanza na mwenzake akipona salama. Wazee husema damu zao hazifanani. Insha hii inadai kuwa wazee hawako mbali na ukweli, ila historia ya utafiti katika eneo letu imeegemea damu na kulisahau ini.

Tuanze na damu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya kupima selimundu katika makabila ya Uganda. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Arua iliingia katika historia hii kupitia Hospitali ya Kuluva, ambako daktari mmisionari Ted Williams alitunza kumbukumbu za watoto wenye saratani ya taya iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958. Kuanzia 1972 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa Nile Magharibi, wakawafuatilia hadi 1979, mwaka ambao Idi Amin aliangushwa. Mwaka 2017 Ismail Legason na wenzake walionyesha kuwa watoto wa kaskazini mwa Uganda wenye jeni moja ya selimundu hupata saratani hiyo kwa nadra zaidi. Jeni inayopunguza malaria ikawa ushahidi kwamba malaria huchangia saratani.

Lakini kabla ya kuingia katika damu, vimelea vilivyoletwa na mbu hukaa ndani ya ini kwa takriban wiki moja, na mtu hahisi chochote. P.C.C. Garnham, aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, alithibitisha hatua hiyo pamoja na Henry Shortt mwaka 1948. Kisha mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake waliripoti kutoka Gambia kwamba watoto wenye jeni iitwayo HLA-B53 walipata malaria kali kwa nadra. Maelezo yao yalikuwa haya: jeni hiyo huiwezesha seli ya ini kuanika juu yake vipande vya kimelea, na seli T za kinga huvitambua na kuiua seli hiyo. Chembe nyekundu za damu haziwezi kufanya hivyo. Tafiti za baadaye hazikuupata uhusiano huo kila mahali, lakini swali lilikuwa limehamia kwenye ini.

Hapa ndipo mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu. Kumbukumbu za hospitali huandikwa na wanaougua. Mtoto ambaye kinga yake ilimaliza vimelea ndani ya ini hakupelekwa Kuluva, wala hana faili. Tukisoma faili peke yake, tutajua walioshindwa tu.

Jambo hili si la kale. Aprili 2025 Uganda ilizindua huko Apac chanjo ya R21, inayolenga kuzuia vimelea visiingie katika ini. Mtoto aliyechanjwa akiugua, tusikimbilie kumlaumu mama yake. Tuulize kwanza mwili wake umerithi nini.