Jimbo Kwanza, Tajiri Baadaye: Maniema Union na Asili ya Ushabiki Mjini Kindu

Kila wasomi wanapoijadili kabumbu ya Kongo, hoja moja huwahi kufika kabla ya nyingine zote: klabu ni mali ya mkubwa, na shabiki ni mteja wake. Mkubwa hununua wachezaji, shabiki hupiga makofi, na siku ya uchaguzi makofi hugeuka kura. Wanaoishikilia hoja hii hupenda kuegemea kitabu cha Jean-François Bayart cha 1989 kuhusu siasa za tumbo, ingawa Bayart hakuwa akiandika juu ya mpira, sembuse mpira wa Kindu. Mfano wao ni mmoja, nao ni mzito: TP Mazembe ya Lubumbashi, inayoongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na katika miaka hiyohiyo klabu yake ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu (2010, ikafungwa 3-0 na Inter ya Milan) na ikajipatia uwanja wake yenyewe Kamalondo. Ukishika mfano kama huo mkononi, ni rahisi kuiona kila klabu ya mashariki kuwa Mazembe ndogo.

Sikatai kwamba AS Maniema Union, iliyoundwa Kindu mwaka 2005, ina harufu ya wakubwa. Uwanja wa mji una jina la Joseph Kabila Kabange, rais wa zamani wa Kongo, ambaye ukoo wa mama yake unatajwa kuwa wa Wabangubangu wa Maniema, jimbo ambalo Kindu ni mji wake mkuu. Hakuna anayeamini kwamba klabu ya Kindu inalipia safari zake kwa tiketi za mlangoni. Ninachokataa ni mpangilio wa sababu. Hoja ya mkubwa na mteja inaeleza fedha zinatoka wapi. Haielezi kwa nini watu ambao hawajapewa hata fulana wanakosa usingizi timu ikifungwa. Na zaidi ya hapo, haielezi jambo lililonisumbua tangu nianze kulifuatilia suala hili: kwa nini Kindu, na kwa nini imechelewa hivyo?

Kuhusu mpira kufuata reli, bandari, misheni na kampuni, wataalamu wamekwisha kukubaliana, na sina sababu ya kurudia. Phyllis Martin ameonyesha hivyo kwa Brazzaville (1995), Laura Fair kwa Zanzibar (2001), na Peter Alegi amelikusanya bara zima (2010). Lakini kwa vigezo vyao Kindu ilipaswa kuwa mji mkubwa wa mpira tangu zamani. Reli ya Kindu–Kongolo ilikamilika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji wenyewe uliitwa Port-Empain kwa heshima ya tajiri ambaye kampuni yake ilijenga njia hiyo. Bandari ya mto Lualaba ilikuwapo. Bati la Kalima lilichimbwa na kampuni ya SYMETAIN, na wamisionari hawakukosekana. Lubumbashi, ikiwa na reli, kampuni ya madini na misheni vilevile, ilipata klabu itakayokuwa Mazembe mwaka 1939, mikononi mwa Wabenedikto. Mbuji-Mayi ilipata Sanga Balende. Kindu haikuwahi kutoa bingwa wa taifa, na klabu yake ya kwanza kuzungumzwa kwa uzito nje ya jimbo ilizaliwa miaka 45 baada ya uhuru.

Jibu langu ni kwamba kilichopungua kilikuwa jimbo. Ukiacha miaka michache ya mwanzo wa uhuru, ambapo Maniema ilikuwa jimbo kisha ikafutwa, ardhi hii ilikuwa sehemu ya Kivu, na Kivu ilitawaliwa kutoka Bukavu. Aliyetaka barua ya serikali alielekea Bukavu, na mchezaji aliyetaka kuonekana alielekea hukohuko. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa katika majimbo matatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Mgawanyo wa 2015, uliozidisha majimbo ya nchi kutoka 11 hadi 26, haukuigusa Maniema. Ndiyo kusema mtu aliyezaliwa Kindu mwaka 1988 amekua ndani ya mipaka ileile moja: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Pengo la kati ya 1988 na 2005 halinitii shaka. Miaka ya mwisho ya Mobutu haikuacha fedha za kuunda chochote, na baada yake zilikuja vita mbili; katika ile ya pili mji ulishikwa na waasi wa RCD huku wanamgambo wa Mai-Mai wakishika vijiji vya pembeni, na treni ikakoma. Klabu ilianza punde tu amani ilipokuwa nusu.

Msomaji atauliza: je, mpaka uliochorwa na serikali unaweza kuzaa mapenzi? Wengi wa wenzangu hudhani hapana. Kwao mapenzi ya kweli ni ya kabila au ya mtaa, na jimbo ni karatasi. Hapa naomba tuitazame Ireland, ambako swali hili limejibiwa kwa zaidi ya karne. Gaelic Athletic Association iliundwa Thurles mwaka 1884 na watu waliotaka kuiondoa Uingereza katika viwanja vyao. Walipotafuta namna ya kupanga mashindano ya nchi nzima, walichukua kaunti, yaani mipaka iliyochorwa na watawala wa Kiingereza wenyewe, 32 kwa jumla. Kaunti ya mwisho kuundwa, Wicklow, ilikatwa mwaka 1606 ili maofisa wa Dublin wapate kuzitawala jamii za milimani. Asili yake ni ya kikoloni tupu. Lakini leo Wicklow ina timu ya mpira wa Kigaeli, na watu wanaifuata, ingawa haijawahi kutwaa ubingwa wa mkoa wake, Leinster, kwa wakubwa. Kaunti ya Mayo haijashinda kikombe cha Sam Maguire, yaani ubingwa wa Ireland nzima, tangu 1951. Imefika fainali na kushindwa zaidi ya mara 10 tangu 1989, na kila mwaka mashabiki hurudi. Wachezaji wa kaunti hawalipwi mshahara. Hakuna tajiri wa kuwashika mashabiki hao kwa kamba ya fadhila, wala hakuna ushindi wa kuwahonga. Kilichopo ni mpaka, na ratiba ya kila mwaka inayoupambanisha mpaka huo na mingine.

Ratiba ndiyo kiungo ninachotaka kisisitizwe. Mpaka kwenye ramani haupendwi na mtu. Ukiwekwa kwenye ratiba, Maniema dhidi ya Kivu, dhidi ya Katanga, dhidi ya Kinshasa, unapata upande. Kwa Kindu, kukutana na OC Muungano au Bukavu Dawa, klabu za Bukavu, ilikuwa kukutana na mji uliokuwa bosi wake. Mrega wa Pangi na Mkusu wa Kibombo, ambao katika kugawana vyeo vya jimbo hawapeani nafasi kirahisi, siku ya mechi hiyo wana mpinzani mmoja.

Basi tajiri anaingia wapi? Anaingia kwa sababu ya umbali, na huu ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko wote. Kutoka Kindu hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,200 kwa mstari wa ndege. Barabara ambayo kwayo basi la timu lingeondoka Ijumaa na kufika Jumapili haipo. Reli inakwenda kusini, Kongolo, Kabalo, hatimaye Lubumbashi, na anayeijua ratiba yake mapema ni wa kupongezwa. Lualaba unapitika kwa boti kuelekea kaskazini hadi Ubundu; baada ya hapo maporomoko yanaufunga mto, na mzigo unapanda tena reli kwenda Kisangani. Kwa hiyo timu hupanda ndege, kwenda na kurudi: wachezaji, makocha, daktari, mifuko ya mipira. Klabu ya Kinshasa inaweza kumaliza sehemu kubwa ya msimu ikitumia basi. Klabu ya Kindu ikikosa fedha za ndege, hata iwe na kikosi gani, msimu wake umekwisha.

Linganisha na Ireland. Kutoka pembe yoyote ya kisiwa hicho hadi Croke Park, uwanja wa fainali mjini Dublin, ni safari ya gari ya saa chache. Unaweza kwenda asubuhi na kulala kwako. Ndiyo maana Mayo inaweza kuishi bila bwana mkubwa. Naamini tukiihamisha Mayo hadi Lubutu, ingempata bwana wake kabla ya mwaka kwisha, na msomi angekuja kuandika kwamba ushabiki wa Mayo ni zao la fadhila. Tajiri wa Kindu ni nauli. Kumwona yeye kuwa chanzo cha ushabiki ni kumpa mlipa nauli sifa ya kuwa ndiye sababu ya safari.

Umbali huohuo umeamua pia namna ya kushabikia. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo mwaka 2002, ikiwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake, miaka mitatu kabla ya klabu. Benedict Anderson alidai kwamba taifa huwazwa kupitia gazeti; katika mji ambao gazeti ni nadra na umeme ni wa kubahatisha, kazi hiyo imefanywa na redio ya betri, na siku hizi simu. Mtu anaweza kuwa shabiki kamili wa Maniema Union kwa miaka bila kuiona ikicheza ugenini hata mara moja. Tarehe 26 Novemba 2024 timu ilikuwa Pretoria, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nafasi iliyopatikana kwa kushika nafasi ya pili nyuma ya Mazembe msimu wa 2023-24. Ikatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, timu iliyofika fainali ya mashindano hayohayo. Sare tasa, ugenini. Mwishowe Maniema Union ilishika mkia wa kundi, nyuma ya AS FAR, Sundowns na Raja. Lakini anayetaka kujua mashabiki wanaihesabuje historia yao asianze na msimamo wa kundi, aanze na Pretoria.

Pingamizi la kwanza ni zito: timu yenyewe si ya watoto wa Maniema. Nchini Ireland mchezaji huchezea kaunti alikozaliwa au iliko klabu yake. Nchini Kongo hununuliwa na kuuzwa. Ni kweli. Lakini angalia kinachotokea anapoondoka. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union kwenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2023, na tarehe 5 Novemba mwaka huo akafunga mabao mawili Yanga ilipoichapa Simba 5-1. Kwa nadharia ya mteja, mchezaji aliyeuzwa ni hesabu iliyofungwa. Kwa mashabiki ninaowafahamu, Maxi alibaki kuwa “wetu” pale Dar es Salaam, na mechi za Yanga zikapata wasikilizaji wapya kwenye Lualaba. Dar es Salaam, kwa mstari wa ndege, iko mbali na Kindu kuliko Kinshasa kwa kilomita 300 na ushei tu. Na huko shabiki wa Kindu anamwelewa mtangazaji bila mkalimani.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi, kwa sababu linaigusa ratiba yenyewe. Viwanja vya Kongo vinavyokubaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni vichache mno, hivyo katika msimu huo wa 2024-25 mechi za “nyumbani” za Maniema Union zilichezwa Kinshasa, katika uwanja wa Martyrs, katika mji wa Kilingala wenye mapenzi yake ya zamani kwa AS Vita Club na Motema Pembe. Tangu mapema 2025, Goma na Bukavu zilipotwaliwa na waasi wa M23, majirani wa asili nao wako ng'ambo ya mstari wa vita. Jimbo lililojitambua kwa kupambana na Bukavu limebaki bila Bukavu. Kama ninavyodai kwamba ratiba ndiyo iliyolipa jimbo roho, nalazimika kukubali kwamba ratiba iliyovurugika inaweza kulinyima roho hiyo. Sijaona dalili hiyo bado. Droo ya Kombe la Shirikisho ya Novemba 2025 iliiweka Maniema Union kundi moja na Wydad, Azam na Nairobi United, yaani timu tatu za nchi za Waswahili katika kundi la timu nne. Na kwa msikilizaji wa Kindu, Azam na Nairobi ni wapinzani wanaoingia akilini kwa urahisi kuliko klabu nyingi za magharibi ya nchi yake.

Kuna jaribio jingine linaloendelea mbele ya macho yetu. Msimu wa 2024-25 ubingwa wa Kongo ulikwenda kwa Les Aigles du Congo, klabu changa ya Kinshasa isiyo na jimbo, mtaa wala historia ya misheni nyuma yake. Ikiwa hoja ya mkubwa na mteja ni sahihi, klabu hiyo inapaswa kuwa na mashabiki wa kufa na kupona ndani ya muda mfupi, na Maniema Union, ambayo haijatwaa ubingwa wa ligi, ipoteze wake siku fedha zitakapokauka. Ikiwa ni mimi niliye sahihi, itakuwa kinyume. Miaka 10 inatosha kuamua.

Lakini sera isiingoje miaka hiyo. Wanaoandika juu ya mpira wetu hupendekeza sheria za kuwatenga wanasiasa na klabu. Kwa Kindu sheria hiyo, ikija peke yake, ingeua timu na kuwaacha mashabiki wake na redio isiyo na cha kutangaza. FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, ingeanza na nauli: mfuko wa ligi unaogawa gharama za ndege kulingana na umbali, ili klabu ya Kindu na ya Kinshasa zilipe sawa kucheza mechi moja. Kisha serikali iukarabati uwanja wa Kindu hadi CAF iupokee. Tajiri atakayebaki baada ya hapo, abaki kwa hiari yake.