Bunduki ya sindano na tatizo la mita arobaini



Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo siandiki juu ya hifadhidata wala seva. Naandika juu ya bunduki ya hewa. Najua katika pande zetu hizi neno bunduki halitamkwi ovyo: vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 na sheria za hali ya hatari zilizokaa mpaka 1991 vimeacha kumbukumbu kwenye kila boma. Basi niseme mapema kwamba bunduki ninayoizungumzia haiui, au haitakiwi kuua. Inarusha sindano.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Hagadera nikifundisha vijana kompyuta. Kambi ile ilifunguliwa 1992, na kwenye vichaka vilivyoizunguka twiga hupita wakitafuta majani ya migunga. Siku moja tukaambiwa kuna twiga mwenye waya mguuni. Daktari wa wanyama alifika na timu yake, akasogea, akalenga, akafyatua. Kishale kikaanguka mchangani, kama hatua mbili mbele ya miguu ya mnyama. Twiga akaondoka na waya wake. Mzee mmoja mfugaji akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtu hajui shabaha?" Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani, nikawasha laptopu na kuanza kupiga hesabu. Ndipo nikaelewa kwamba daktari hakuwa mzembe. Tatizo lenyewe ni gumu, na watu wamekuwa wakilitatua kidogokidogo kwa zaidi ya miaka sitini, sehemu kubwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kabla ya sindano, mnyama mkubwa alikamatwa kwa kukimbizwa. Ukitaka kuona ilivyokuwa, tafuta filamu ya Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika: lori linakwenda mbio, mtu amekaa mbele na kamba kwenye mti mrefu. Inapendeza machoni, lakini mnyama aliyekimbizwa hivyo misuli yake huharibika kwa joto na uchovu, na anaweza kufa baada ya siku kadhaa hali mnadhani mmemwokoa.

Wazo la kurusha dawa kwa mbali lilikuja kutoka pande kadhaa karibu wakati mmoja, miaka ya 1950. Marekani, jimboni Georgia, walitengeneza bunduki ya gesi ya Cap-Chur. New Zealand, Colin Murdoch alikuwa akibuni bunduki na vishale vyake. Na Uganda, Helmut Buechner, Toni Harthoorn na J. A. Lock walijaribu dawa kwa swala aina ya kob, wakachapisha matokeo yao 1960. Harthoorn huyu ndiye baadaye aliyewapa Wamarekani wazo la kipindi cha televisheni cha Daktari (1966 hadi 1969). Neno letu likazunguka dunia nzima, na sidhani kama tulilipwa hata senti.

Dawa za mwanzo zilikuwa balaa. Succinylcholine hupooza misuli, na misuli ya kupumulia ni misuli pia. Ukikosea uzito wa mnyama kidogo tu, ama anaondoka zake au anakufa. Nyingine zilihitaji ujazo mkubwa. Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu kwa mtu anayependa hesabu: maendeleo makubwa ya shabaha hayakutoka kwa mafundi wa bunduki. Yalitoka kwa wanakemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Edinburgh, kikundi cha K. W. Bentley kilitengeneza etorphine, maarufu kama M99, yenye nguvu ya zaidi ya mara elfu moja ya mofini. Ghafla kifaru aliweza kulazwa kwa miligramu chache. Dawa ikipungua, kishale kinakuwa kifupi na chepesi. Na kishale chepesi, kwa presha ileile ya gesi, hutoka kwa kasi zaidi na kufika mbali zaidi. Harthoorn alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kwa wanyamapori. (Tone likimwingia binadamu ni hatari kubwa, ndiyo maana timu hutembea na dawa ya kuizima.)

Sasa, kwa nini usiongeze kasi tu, kama risasi? Kwa sababu shabaha yako ni nyama hai. Kishale cha gramu 10 kikienda mita 60 kwa sekunde kina nishati ya jouli 18, sawa na bunduki ya hewa ya kawaida. Kikienda mita 100 kwa sekunde kina jouli 50, na mnyama mwenye ngozi nyembamba atavunjwa mfupa au kutobolewa tumbo. Kwa hiyo unalazimika kukaa na kasi ndogo, na kasi ndogo maana yake kishale kinadondoka sana njiani. Nilipiga hesabu ya mita 60 kwa sekunde, nikiacha ukinzani wa hewa: katika mita 20 kinadondoka sentimita 54 hivi, katika mita 40, mita 2.2, katika mita 60, karibu mita 5!

Kudondoka peke yake si tatizo, unainua mtutu. Tatizo ni kukisia umbali. Ukidhani mnyama yuko mita 5 karibu kuliko alipo, katika mita 20 utapiga sentimita 14 chini ya ulipolenga. Katika mita 40 ni sentimita 27. Katika mita 60 ni sentimita 41, na ukinzani wa hewa huongeza juu yake. Sentimita 27 ni tofauti kati ya paja na goti. Na nani anaweza kukisia mita 40 bila kukosea mita 5, kwenye uwanda tambarare usio na kitu cha kulinganisha ila vichaka vya kimo kimoja? Nilijaribu na wanafunzi wangu kwa kamba ya kupimia. Wote tulishindwa, mimi nikiwa wa mwisho. Kwa hiyo kifaa kilichosaidia kuliko mtutu wowote mpya ni kipima masafa cha leza, kilichoanza kuuzwa kwa wawindaji wa kawaida miaka ya 1990. Programu yangu ilikuwa mistari 30 tu, lakini bila namba sahihi ya umbali ingekuwa takataka.

Jambo la pili ni gesi. Bunduki za hewa zina ugonjwa wa zamani wa presha kutokuwa ileile. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya hewa ya Girandoni tangu takriban 1780, na kila risasi ilipotoka, hewa ndani ya kopo ilipungua na iliyofuata ilikwenda polepole zaidi. Bunduki nyingi za sindano hutumia kabonidayoksaidi, ambayo huwa kimiminika mtungini. Kwenye nyuzi 20 mtungi una takriban baa 57. Kwenye nyuzi 30 ni baa 72. Ikipita nyuzi 31 gesi hiyo haiwezi tena kuwa kimiminika, na presha inategemea mtungi umejazwa kiasi gani. Nyuzi 31 Garissa ni saa nne asubuhi, ndugu zangu! Aliyejaribu bunduki yake kwenye baridi ya Nairobi na kuileta Hagadera mchana ameleta bunduki nyingine.

Suluhisho ni lile ambalo sisi waandishi wa programu tungelipenda: tenganisha ghala na kipimo. Kwenye bunduki kama za Dan-Inject ya Denmark, mtungi hauunganishwi moja kwa moja na kishale. Unafungua vali, gesi inaingia kwenye chumba kidogo chenye geji, unasimama kwenye namba iliyo kwenye jedwali la umbali na kishale chako. Joto la mtungi halina neno tena.

Na mtutu? Bunduki ya hewa ya michezo ina mifuo ya kuzungusha risasi. Kishale kimejaa maji, na kitu chenye maji ndani hakizunguki vizuri, jaribu kuzungusha yai bichi mezani. Kwa hiyo kishale hutulizwa na mkia wake wa nyuzi, kama mshale. Waaweer wa msitu wa Boni wangelielewa hilo bila kuelezwa: mkia wa kutuliza, sumu ya kufanya kazi, na subira ya kusogea karibu.

Subira bado inahitajika, maana hapa kwetu kuna wanyama ambao hatuna wa akiba. Hirola wa Garissa wamebaki mia chache tu duniani. Thelathini hivi walihamishiwa Tsavo Mashariki 1963, wengine 29 mwaka 1996, na mwaka huo huo wakazi walikwenda Mahakama Kuu kuzuia wanyama wao wasichukuliwe, wakapewa amri ya zuio. Tangu 2012 kuna hifadhi yenye uzio ndani ya Ishaqbini, iliyoanza na hirola 48.

Ishaqbini ndiko alikoonekana twiga mweupe jike mwaka 2017. Machi 2020 yeye na ndama wake walikutwa wameuawa. Alibaki dume mmoja mweupe. Tarehe 8 Novemba 2020 alifungwa kifaa cha GPS kwenye pembe moja, kikituma mahali alipo kila saa. Twiga mwitu hafungwi kifaa akiwa macho. Akianguka vibaya anaweza kuvunja shingo, akilala sana damu na pumzi humsaliti, kwa hiyo dawa ya kumwamsha hutolewa karibu mara tu anapolala, na watu humshikilia kwa mikono na kamba. Kila mwenye kulenga mnyama wa namna hiyo ana sindano moja ya kufyatua, upepo wa hagaa ukivuma, na namba moja ya mita ndani ya kipimo cha leza.

Ile programu bado ninayo. Anayefanya kazi na wanyama na akaitaka, nitampa bure, ila aangalie kwanza vipimo: toleo la kwanza nilichanganya baa na psi.